Funguo Mbili Mezani: Kisa cha Filamu ya Mwenza wa Nyumba Iliyokosa Kutisha

Usuli

Kisa hiki ni cha filamu fupi ya mashaka ya kisaikolojia iliyopigwa Dodoma na kikundi cha watu saba. Jina la filamu, la kikundi, la mtaa na ya watu wote yameondolewa. Wahusika wakuu wawili tumewapa majina mengine, Neema na Tumaini. Vipimo, muda na gharama vimebaki kama vilivyokuwa, maana bila hivyo kisa hakimfundishi mtu kitu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Neema amehamishiwa kazi Dodoma, amepanga vyumba viwili na sebule, kodi imemlemea, anatafuta mtu wa kugawana naye. Tumaini anafika na begi moja na ndoo. Ni mpole, msafi, anapika vizuri, anajua kusikiliza. Halafu kidogo kidogo anayachukua maisha ya mwenzake, hadi siku Neema anapogundua kwamba mlango wa kutokea nao si wake tena.

Mji umewapa waandishi hadithi hii bila kuwauliza. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, watumishi, mafundi na wafanyabiashara wamemiminika, na wanafunzi wa vyuo walikuwepo tangu kabla ya hapo. Nenda Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Nzuguni au Ng'ong'ona: dalali anaweza kukutanisha watu wawili asubuhi na jioni wakalala nyumba moja, kila mmoja akijua jina la kwanza tu la mwenzake. Hofu ya "huyu ninayelala naye ni nani hasa?" ipo tayari vifuani mwa watazamaji. Kazi ya filamu ilikuwa kuigusa tu, na mara ya kwanza haikuigusa.

Vifaa vilikuwa kamera moja, lenzi mbili (35mm na 50mm), taa tatu za LED, maiki moja ya bumu (ya kushikwa kwa mti mrefu juu ya waigizaji), maiki mbili za kifuani na rekoda. Bajeti ilikuwa Sh 3,400,000, na karibu nusu yake ililiwa na chakula na usafiri. Walipanga siku tano mwanzoni mwa Agosti. Kibali cha kupiga filamu kilipatikana kutoka Bodi ya Filamu kama inavyotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ofisi ya mtaa hawakupita. Hilo litawarudia.

Muswada wa kwanza

Mwandishi hakuficha alikochota. Filamu za namna hii zilishamiri Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maarufu kuliko zote ni Single White Female ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Barbet Schroeder. Ndani yake mpangaji wa New York anamkaribisha mwenza, na siku moja mwenza huyo anatoka saluni akiwa na nywele zilezile za mwenyeji wake: mkato uleule, rangi ileile. Kwa watazamaji wa kule, hapo ndipo damu inapoganda.

Muswada wa Dodoma ulichukua tukio hilo karibu lilivyo. Tumaini anasukwa rasta kama za Neema. Tumaini anavaa gauni la Neema bila kuomba. Tumaini anaingia chumbani bila kubisha hodi. Paka anakutwa amekufa. Mwisho Neema anapiga yowe usiku, na hakuna anayekuja.

Ili yowe lisijibiwe, mwongozaji alichagua nyumba ya fensi, iliyo peke yake na ina geti la chuma. Sababu zake zilieleweka: sauti ingekuwa tulivu, wangeweza kuacha vifaa usiku, na hadithi ilitaka upweke. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa muswada ule. Tatizo lilikuwa muswada.

Siku tano za kupiga

Siku ya kwanza ilipotea nusu kwa sababu ya mwanga. Kamera iliwekwa fremu 24 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1/48, kama mafunzo mengi ya mtandaoni yanavyoelekeza. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo taa ya tyubu ya jikoni hupepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/48 hailingani na mapigo hayo. Kwenye skrini ndogo ya kamera hakuna aliyeona kitu. Kwenye kompyuta usiku, mistari ya giza ilikuwa inapanda ukutani nyuma ya Neema kama maji. Kuanzia siku ya pili walihamia fremu 25 na shata 1/50, na mistari ikaisha. Sini nne za siku ya kwanza zilibidi zichezeshwe kwa fremu 25, yaani dakika moja ikawa sekunde 57.6, kisha sauti ikarekebishwa isipande. Mtazamaji hajui, lakini mhariri alikesha usiku mmoja kwa kosa la kubofya mara mbili.

Sini nyingi za usiku zilipigwa mchana. Madirisha yalizibwa kwa kaniki mara mbili, maana kaniki ya tabaka moja bado hupitisha jua la Dodoma kama chujio. Taa moja ndogo iliwekwa nje ikapitishwa kwenye nondo za dirisha, na vivuli vyake vikalala kitandani kama mistari ya kizimba. Ni picha nzuri kuliko zote kwenye filamu. Gharama yake ni joto: bati juu, kaniki dirishani, watu tisa ndani. Walikuwa wakitoka nje kila baada ya dakika 25 hivi, na aliyebeba kitambaa cha kufuta jasho alikuwa na kazi kuliko mpigapicha.

Agosti ni mwezi wa upepo. Unapiga bati, unaleta vumbi, unaingia kwenye maiki ya bumu yenye sponji peke yake. Mazungumzo yote ya uwanjani yaliharibika. Waliyaokoa kwa kurudia maneno ndani ya gari lililoegeshwa, vioo juu na blanketi kwenye dashibodi, dakika chache tu baada ya kila sini, waigizaji wakiwa bado na pumzi ileile. Ndani ya nyumba, vigae na kuta tupu vilitoa mwangwi. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya kamera yalitosha. Jambo moja walilifanya vizuri tangu mwanzo: kila chumba kilirekodiwa dakika nzima ya ukimya wake, watu wote wakiwa wamesimama bila kutikisika. Ukimya huo uliifaa sana filamu baadaye.

Maiki za kifuani zilikwaruza kwenye gauni la poliesta. Kwenye kanga ya pamba hazikukwaruza. Walizifunga kwa plasta ya hospitali chini ya kola, na Neema akabadilishiwa mavazi.

Kisa kikubwa kilitokea siku ya nne, saa tatu usiku. Ilikuwa sini ya yowe. Mwigizaji alipiga yowe la kweli, mara tatu, kwa ajili ya pembe tatu za kamera. Kabla ya la tatu kumalizika geti likagongwa kwa mawe. Wanaume sita na akina mama wawili walikuwa nje, mmoja ana panga, mwingine ana mchi, na kijana amekwisha kupanda ukuta. Hawakuwa wamekuja kufanya fujo. Walikuwa wamekuja kuokoa mtu. Ilichukua nusu saa kuwatuliza, na mwenyekiti wa mtaa alipofika alikuwa na haki ya kukasirika: kibali cha Bodi walikuwa nacho mkononi, lakini nyumba kumi za jirani hazikujua chochote. Sini iliahirishwa, mwigizaji alilia, na siku ya tano ikapigwa haraka haraka.

Usiku ule hakuna aliyetambua kwamba majirani walikuwa wamewaletea maoni ya muswada. Nyumba ile ilikuwa na fensi na geti, ilikuwa peke yake, na bado yowe lilijibiwa kabla halijaisha.

Onyesho la majaribio

Toleo la kwanza lilikuwa la dakika 31. Lilionyeshwa kwa waalikwa thelathini hivi, bila kiingilio, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Kila mtu alipewa karatasi yenye maswali mawili: ni wakati gani ulianza kumwogopa Tumaini, na ni kitu gani hukukiamini. Kikundi kilifanya pia jambo la busara sana. Kwa ruhusa ya waliohudhuria, rekoda iliwekwa katikati ya ukumbi ikanasa sauti ya watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi humwambia mwongozaji kile ambacho mtu yuko tayari kukiandika. Kiti cha plastiki hakimhurumii: kila anayechoka anajisogeza, na kiti kinalia.

Sini ya saluni ililetewa kicheko. Kwenye rekodi anasikika dada mmoja akisema, "Si wameshona sare tu?" Alikuwa sahihi. Kwetu marafiki wakisukana mtindo mmoja, wakinunua doti moja ya kanga wakagawana, wakashona kitambaa kimoja kwa ajili ya harusi, hiyo ni dalili ya kupendana. Tukio lililoigandisha damu ya mtazamaji wa Marekani liliwafanya watazamaji wa Dodoma wampende Tumaini zaidi. Gauni nalo lilipita bila neno. Wangapi hawajavaa gauni la mwenzao wa chumba? Kuingia bila hodi kulionekana ukosefu wa adabu kidogo. Hatari hawakuiona.

Wachache waliandika kwamba Tumaini ana jini. Hapo kosa lilikuwa la taa. Katika sini mbili uso wake ulimulikwa kutoka chini, kidevuni kwenda juu, na muziki wa kinanda ukavuma polepole. Kwa aliyekulia kwenye filamu zetu, ishara hizo zina maana moja: mzimu au mchawi. Mtazamaji akishaona uchawi huacha kumwogopa mtu. Anasubiri mganga.

Kisha kulikuwa na mstari wa baba mwenye nyumba unaoitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma: "Huyu angepelekwa Mirembe." Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, na kwa dakika mbili zilizofuata rekodi ina minong'ono tu. Baada ya onyesho, mwalikwa mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi alizungumza kwa utulivu. Alisema wagonjwa wa akili aliowahudumia mara nyingi ndio wanaoumizwa, si wanaoumiza, na kwamba Dodoma jina la hospitali ile limefanywa tusi kiasi kwamba kuna wanaoogopa kwenda kutibiwa. Kikundi kilinyamaza. Lilikuwa neno la haki, na lilifaa hata kwa upande wa ufundi: ukimpa Tumaini ugonjwa, umempa mtazamaji sababu ya kulala salama, kwa kuwa mwenza wake wa nyumba si mgonjwa.

Swali la pili lilijibiwa karibu kwa sauti moja: majirani wako wapi?

Kulikuwa na sehemu moja tu ambapo ukumbi ulikufa kimya. Neema anaoga. Simu yake iko kwenye chaji sebuleni, inaita, kioo kinaandika "Mama". Tumaini anaitazama, anaipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko hivyo, una mafua?"

Tumaini ananyamaza. Anakohoa mara mbili, kikohozi chembamba cha kujilazimisha. "Vumbi la Dodoma tu, mama."

Mazungumzo yanaendelea: bei ya mahindi, mdogo wake anayefanya mtihani, hela ya dawa. Muda wote bafuni tunasikia kopo likichota kwenye ndoo, maji yakimwagika, kopo tena. Kopo linanyamaza. Tumaini anasema, "Haya mama, lala salama," anaifuta simu kwa ncha ya kanga, anairudisha pale pale, waya ukiwa umejikunja vilevile.

Ni shoti moja, sekunde 44, lenzi ya 50mm kutoka kwenye korido. Mhariri alikuwa amependekeza ikatwe kwa sababu "haina tukio". Kwenye rekodi ya ukumbi, katika sekunde hizo hakuna kiti hata kimoja kilicholia.

Uamuzi uliofuata

Kikundi kilikaa siku mbili kikibishana. Upande mmoja ulitaka kuongeza kisu na damu. Upande wa pili, ukiongozwa na mwandishi mwenyewe, ulisema kosa lao halikuwa uhaba wa vitisho: walikuwa wamemvusha Tumaini mpaka ambao hapa haupo. Mtu wa New York ana chumba chake, nguo zake na mtindo wake wa nywele, na hivyo ndivyo vinavyomlinda. Neema wa Dodoma anakula sahani moja na mwenzake, anaazimana naye viatu, mama yake anaitwa mama na kila rafiki. Kumwita mama wa mwenzako "mama" ni adabu. Kuwa mtoto wake, kwa sauti ya mtoto wake, ndipo mpaka ulipo. Sekunde 44 zilikuwa zimewaonyesha mahali penyewe.

Upande wa pili ulishinda, na muswada ukaandikwa upya kuanzia pale.

Saluni haikufutwa. Ilipelekwa mbele, dakika ya tano, ikawa sini tamu kuliko zote: mabinti wawili wanacheka, msusi anawatania, mtazamaji anafurahi kwamba Neema amepata ndugu mjini. Paka aliondolewa. Mstari wa Mirembe uliondolewa, na Tumaini hakupewa ugonjwa wala historia ya utotoni. Taa ya chini ikahamishiwa ubavuni, usawa wa jicho. Muziki ulikuwa dakika 14; ukabaki chini ya mbili. Wimbo wa redioni uliosikika jikoni ulitolewa pia, maana haki zake hazikuwa zimeombwa na kumpigia magoti mwenye nao wakati filamu imekamilika ni kumpa nafasi ya kutaja bei anayotaka.

Uamuzi mzito ulikuwa wa nyumba. Neema atolewe kwenye fensi apelekwe kwenye nyumba ya wapangaji: uwanja mmoja, bomba moja, milango mitano, mama mwenye nyumba anayejua kila aingiaye. Mpigapicha alipinga, akiuliza upweke utatoka wapi mbele ya watu wote hao. Jibu likawa moyo wa filamu mpya. Tumaini hamfichi Neema mbali na majirani. Anawapata majirani kabla yake. Anaamka saa kumi na moja siku ya mgao, anamjazia mama mwenye nyumba madumu mawili, anabeba mtoto wa jirani, anauliza hali ya mgonjwa wa chumba cha tatu. Neema anaondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi amechoka; salamu zake ni za kupita. Kwa siku tatu Tumaini anasema bombani, kwa huruma: "Mwenzangu ana homa, usiku anaweweseka."

Kwa hiyo yowe la mwisho linajibiwa. Watu wote wanakuja, kama walivyokuja kweli usiku wa siku ya nne. Tumaini anafungua mlango mwenyewe. Neema anasema, "Mama, huyu ananifungia ndani." Mama mwenye nyumba anamshika paji la uso. "Pole mwanangu, una moto kweli." Anamgeukia Tumaini: "Mungu akubariki kwa kumwangalia mwenzio." Wanatoka mmoja mmoja, wakivaa ndala zao mlangoni.

Siku mbili za nyongeza

Wiki tatu baadaye walirudi kazini wakiwa na Sh 780,000 za kukopa. Ofisi ya mtaa ilipitiwa kwanza, barua ikapigwa muhuri, na saa kumi jioni ya kila siku kijana mmoja alizunguka nyumba za jirani kueleza kwamba usiku kutakuwa na kelele za maigizo.

Sini za ndani za nyumba ya zamani zilibaki, za uwanjani zilipigwa nyumba mpya. Mlango ndio uliokuwa mshono wa nyumba hizo mbili. Badala ya kutafuta kitasa kinachofanana, fundi alifungua kitasa chenyewe cha nyumba ya kwanza, skrubu nne na sahani zake mbili, akakifunga kwenye mlango wa pili. Ubao ulipakwa rangi ileile hadi urefu wa mkono pande zote, na kamera haikutoka nje ya eneo hilo. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuuliza.

Kitasa hicho ndicho kilichobeba nusu ya pili ya filamu. Iliongezwa sini ya sekunde 11: Neema yuko kazini, fundi anabadilisha kitasa kilichoharibika, anamkabidhi Tumaini funguo. "Ziko tatu. Moja itunzeni mbali." Jioni Tumaini anaweka mbili mezani. Baadaye usiku Neema yuko peke yake sebuleni, Tumaini amesema amesafiri. Funguo zote mbili ziko mezani mbele yake, kamera inaziangalia. Kitasa kinazunguka.

Mlio huo ulirekodiwa peke yake, maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye tundu la ufunguo, usiku, upepo ulipotulia. Una sehemu tatu: ufunguo kugusa chuma, kuingia, kuzunguka. Mhariri aliutumia wote mara mbili za mwanzo katika sini za kawaida, Neema anaporudi nyumbani na mtazamaji asipojali. Mara ya tatu aliweka sehemu mbili za kwanza, akasubiri sekunde nne za ule ukimya wa chumba, ndipo akaachia ya mwisho.

Mawili yalikwenda kombo. Rasta zilikuwa zimefumuliwa, na waliposuka upya walinunua rangi namba 2 (kahawia iliyokolea) badala ya 1B (nyeusi). Ndani ya nyumba hazikutofautiana. Juani zilionekana za kahawia, na Neema akalazimika kufungwa kitambaa kichwani kila sini ya uwanjani. Pia sini ya machweo getini ilipata marudio matatu tu. Dodoma jua likishazama, giza linashuka kwa dakika ishirini na kidogo. Aliyezoea kuona filamu za nchi za kaskazini hudhani ana saa nzima.

Matokeo

Toleo la mwisho lilikuwa dakika 26. Lilionyeshwa kwa waalikwa wengine, maswali yaleyale, rekoda ileile. Wengi waliandika kwamba walianza kuogopa kwenye simu ya mama, dakika ya tisa. Waliobaki walitaja funguo, na wachache walitaja madumu ya maji, jambo ambalo hata mwongozaji hakulitarajia: waliona wema ule umezidi, wakaanza kuhesabu. Hakuna aliyeandika jini. Kwenye rekodi, wakati majirani wanavaa ndala zao kuondoka, mwanamke mmoja anasikika akisema kwa sauti, "Jamani msiondoke!"

Filamu ilipitishwa na Bodi ikapangiwa daraja. Deni la siku za nyongeza lililipwa miezi minne baadaye.

Uchambuzi

Kilichoiokoa kazi hii ni ile rekodi ya ukumbi. Bila hiyo wangesoma karatasi zinazosema "haitishi", wakaongeza kisu. Rekodi iliwaonyesha sekunde kwa sekunde mahali hofu ilipokuwa tayari inaishi, na wakajenga kutokea hapo. Anayetengeneza filamu ya mashaka na hana fedha za kupiga tena, afanye kipimo hiki mapema zaidi: apige sini tatu kwa simu, awaonyeshe watu kumi, asikilize viti. Kikundi hiki kingegundua tatizo la saluni kabla ya kulipia msusi.

Kuchota kwa wengine hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchota tendo bila kuuliza linavunja nini. Nywele zilezile zinavunja kitu mahali ambapo upekee wa mtu ni mali yake. Hapa heshima ya mtu, mama yake, sifa yake uwanjani na ufunguo wa mlango aliolipia ndivyo vyenye uzito. Muswada wa pili uligusa vyote vinne, na haukuhitaji hata tone la damu.

Kuhusu yowe, naona uzembe wa kutopita ofisi ya mtaa usisamehewe kwa sababu tu ulizaa mwisho mzuri. Kijana aliyepanda ukuta angeweza kuruka ndani na panga mkononi, gizani, mbele ya mwanamke anayeigiza kushambulia mwenzake. Barua ya mtaa haina gharama kubwa, na kutoa taarifa nyumba kwa nyumba kunachukua saa moja.

Kisu nacho kina lake. Katika mazoezi ya siku ya tano, kabla sini ya kisu iliyokuwa imepangwa haijafutwa, walitumia kisu halisi cha jikoni "kwa uangalifu". Hakuna uangalifu wa namna hiyo kwa waigizaji waliochoka. Cha mbao kilichopakwa rangi ya fedha kilikuwepo kwenye boksi la vifaa, hakuna aliyekumbuka kukitoa.

Bajeti ilikosa fungu la marudio. Sh 780,000 ni zaidi ya humusi ya bajeti ya awali, na filamu ya aina hii, inayotegemea kipimo cha hisia za watu, karibu kila mara huhitaji kurudi. Fungu hilo litengwe kabla ya siku ya kwanza na lisiguswe kwa chakula.

Limebaki pengo moja ambalo toleo la mwisho halikuziba. Kwenye karatasi za onyesho la pili, swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa: kwa nini Neema hahami? Jibu limo kwenye muswada, katika mstari mmoja unaosemwa haraka huku sufuria ikichemka: kodi ya miezi sita imelipwa mbele, Sh 720,000, na mwenye nyumba harudishi. Kila mpangaji wa Dodoma anaujua uzito wa hela hiyo, lakini waliusikia mstari bila kuuona. Ilihitajika picha. Katika orodha ya siku za nyongeza ilikuwepo: risiti ya kodi, kwa karibu, jina la aliyelipa likiwa la Tumaini. Jua lilizama kabla haijapigwa.